Nani Atamfundisha Binti Kupiga Muheme?

Wiki hii naomba tuzungumzie muziki wa uwanjani. Sisemi ule unaotoka kwenye simu, wala ule wa baa ambako mtu mmoja hubonyeza kitufe kisha akaondoka kwenda kula nyama choma. Nasema muziki unaopigwa na watu wenye pumzi na jasho, mbele ya watu wenzao, peupe, jua likiwaka na vumbi likipanda. Muziki huo una gharama yake, una ufundi wake, na una shule yake. Leo nataka tuliangalie hasa hilo la mwisho: muziki wa namna hiyo watu hujifunza wapi, na shule yake ikifungwa, nani atafungua nyingine?

Swali hilo nililipata Mvumi. Wengi wenu mmelisikia jina la Mvumi kwa sababu ya hospitali yake, au kwa sababu ya shule zake. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 40 kusini-mashariki ya Dodoma mjini, katika Wilaya ya Chamwino, nchi ya mibuyu, uwele na mtama. Mvua ya huko ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili, na jumla yake kwa mwaka ni kati ya milimita 500 na 600. Kwa hiyo kalenda ya furaha hufuata kalenda ya ghala. Ufikapo mwezi wa Julai mavuno yamekwisha ingia ndani, baridi ya asubuhi inauma, njia ni kavu, na mtu anayo nafasi ya kucheza. Ndiyo maana siku niliyokwenda mimi ilikuwa ya Julai.

Ilikuwa siku ya ngoma na bendi, kwenye uwanja wa mpira. Waandaaji sitawataja, maana sikwenda kuwakagua. Nilikwenda kusikiliza, tangu saa tatu asubuhi hadi jua lilipozama, na kila kikundi kilipopanda nilijiuliza jambo moja: hawa wanaujazaje uwanja huu? Hilo ndilo tatizo la kwanza la muziki wa nje. Ndani ya nyumba kuna ukuta na dari, sauti inagonga na kurudi. Uwanjani hakuna wa kuirudisha. Sauti inakwenda zake na upepo. Siku ile niliona majibu matatu ya tatizo hilo.

Jibu la kwanza ni umeme. Vijana watano kutoka Dodoma mjini walifunga magitaa mawili, gitaa la besi, dramu na kinanda, jenereta likinguruma nyuma ya jukwaa. Walianza na rumba. Baadaye mpiga solo akakanyaga kidude kilichokuwa mguuni pake, gitaa likaanza kukwaruza na kulia kwa ile sauti ya roki, na vijana wote waliokuwa wamekaa chini ya miti wakasogea mbele. Msikilizaji asiyependa roki atasema ni kelele. Lakini kelele ile ina sababu. Muziki wa roki ulizaliwa Marekani katika miaka ya 1950 ukilitegemea gitaa la umeme, na umeme ndio uliouwezesha kutoka ukumbini kwenda mashambani. Agosti 1969, katika shamba la mfugaji mmoja wa ng'ombe wa maziwa karibu na Bethel, Jimbo la New York, walikusanyika watu wanaokisiwa kufika 400,000 kusikiliza bendi kwa siku tatu. Tamasha hilo ndilo liitwalo Woodstock. Bila vipaza sauti, watu wale wangekuwa wamekwenda kutazama midomo ikifunguka na kufumba.

Tusidhani kwamba hayo yalikuwa ya Wazungu peke yao. Katika miaka ya 1970 Dar es Salaam ilikuwa na vijana wake waliochanganya roki, soul na midundo ya hapa kwetu. Bendi ya Sunburst ni mmojawapo wa mifano, na albamu yao, Ave Africa, ilitoka mwaka 1976. Kwa hiyo wale vijana watano pale Mvumi, wajue au wasijue, walikuwa wajukuu wa ukoo fulani.

Jibu la pili ni duara. Baada ya bendi alipanda mzee mmoja na zeze lake. Kwa wasiolijua, zeze la Wagogo ni kibuyu kilichokatwa na kufunikwa ngozi, kikapachikwa mti, na juu ya mti huo zikatandazwa nyuzi za waya. Hupigwa kwa upinde mdogo uliopakwa utomvu ili ushike waya. Fundi mitambo akamsogezea mzee kipaza sauti. Kikapiga yowe. Akapunguza, zeze likapotea. Akaongeza, tukasikia mkwaruzo wa upinde mtupu, kama mtu anayesaga meno. Mzee hakukasirika. Aliteremka polepole, akaenda kukaa kwenye kigoda chake pembeni ya uwanja, akaanza upya. Watu wakamfuata, wakamzunguka, wa mbele wakachuchumaa na wa nyuma wakasimama. Hapo ndipo zeze lilipoanza kusikika.

Yako mambo mawili hapa yanayostahili kuelezwa. La kwanza, zeze ni chombo cha watu walio karibu. Miili ya wasikilizaji ndiyo ukuta wake. La pili ni la ndani zaidi. Waya mmoja ukiguswa hautoi sauti moja. Ndani ya ile sauti nene mna sauti nyingine nyembamba: ya nusu ya waya, ya theluthi, ya robo, na kuendelea. Wagogo wameujenga uimbaji wao juu ya ngazi hiyo ya asili, na marimba yao ya mkono, ambayo wao huita ilimba, hulinganishwa kwa kuifuata. Kinanda cha kisasa kina ngazi nyingine, iliyogawanywa sawasawa katika vipande 12. Ngazi hizi mbili zinapishana. Ile sauti ya saba ya waya, kwa mfano, haina kitufe chake kwenye kinanda. Iko katikati ya vitufe viwili. Ndiyo maana kijana wa kinanda alipojaribu kumsindikiza mzee, wote wawili walisikika kama wamekosea, ingawa kila mmoja alikuwa sahihi kwake.

Na marimba yenyewe ina siri yake. Kwenye sanduku lake hutobolewa kitundu, na kitundu hicho huzibwa kwa utando laini unaofunika mayai ya buibui. Chuma kinapoguswa, utando unatetemeka, na sauti inatoka na mvumo kama wa nyuki. Mgeni hudhani chombo kimeharibika, kumbe fundi ameutafuta mvumo huo kwa makusudi, kama yule mpiga gitaa la roki anavyoutafuta mkwaruzo wake. Wamefikia jambo lile lile kwa njia mbili, mmoja kwa betri na mwingine kwa buibui.

Jibu la tatu ni muheme, na hili ndilo lililonileta kwenu leo.

Walikuwa wanawake wapatao kumi na watano, wa Mvumi na vijiji vya jirani, shanga shingoni na kanga viunoni. Kabla ya kuitwa, waliwasha moto wa mabua ya mtama nyuma ya goli, wakaziegemeza ngoma zao ili ngozi zikauke na kukaza. Kila mara mmoja aliichukua yake, akaigonga kwa kidole, akasikiliza, akairudisha motoni. Hakuna aliyewaelekeza. Ngoma hizi zimechongwa zikawa nyembamba kiunoni na pana juu na chini, na mwanamke huibana katikati ya mapaja yake, akaiinamisha mbele kidogo na kuipiga kwa viganja. Wanaume hawapigi. Wanaume hucheza mbele yao, na njuga za miguu yao hujibu ngoma.

Muheme hauanzi wote kwa pamoja. Ngoma ndogo zinashika mwendo, moja baada ya nyingine, kila moja na pigo lake. Ukiisikiliza moja peke yake ni jambo rahisi, mtoto anaweza. Zikikutana tano au sita, mapigo yanaingiliana kama nyuzi za mkeka, na huwezi tena kusema hili ni la nani. Mama kiongozi, mwenye ngoma kubwa, alikuwa akingoja hapo. Alingoja mpaka mkeka uwe umefumwa sawasawa, ndipo akaingia, na aliposhuka mkono wa kwanza niliusikia kifuani kabla ya masikioni. Hakuna jenereta. Hakuna waya. Watu waliokuwa sokoni, mbali na uwanja, walianza kuja mbio.

Kwa bahati mbaya ratiba ilikuwa imekipa kila kikundi dakika 10. Dakika saba zilikuwa zimekwenda katika kufuma. Wimbo ulipoanza tu, mshereheshaji akashika kipaza sauti akawashukuru akina mama na kuita kikundi kingine, maana mgeni rasmi alikuwa amechelewa na sasa kila mtu alipaswa kukimbia. Akina mama hawakubishana. Waliondoka jukwaani huku wanapiga, wakaenda chini ya mbuyu, na nusu ya uwanja ikahamia huko pamoja nao. Nami nilikuwa mmoja wa waliohama.

Chini ya mbuyu ule niliona jambo ambalo jukwaani nisingeliona. Nyuma ya mpigaji mmoja mzee alikaa binti wa miaka kama kumi, na katikati ya mapaja yake kulikuwa na ndoo ya plastiki iliyogeuzwa. Alikuwa akipiga pigo lile lile la bibi yake. Kila alipopotea, bibi, bila kugeuka, alipiga pigo lake kwa nguvu kidogo zaidi mara mbili tatu, na binti akarudi njiani.

Walipopumzika nikamwendea yule bibi. "Mbukwenyi, mama," nikasema. Akanijibu kwa salamu ile ile, akacheka Kigogo changu cha kuazima. Nikamwuliza yeye alifundishwa wapi. Alinitazama kidogo kama anayepima anijibu au asinijibu. "Makumbi, mwanangu," akasema. "Tulikaa huko, tukafundishwa na wakubwa." Nikamwuliza, na huyu mjukuu? Hapo jibu likawa la haraka: "Huyu hapiti kule. Mama yake amekataa, na mimi nimekataa. Lakini wewe msomi niambie, ngoma ataipata wapi?"

Ndugu wasikilizaji, kwa nini bibi yule aseme hivyo? Makumbi ni sherehe za Wagogo za kuwatoa watoto utotoni, za wavulana na za wasichana. Muheme, kwa asili yake, ni ngoma iliyofungamana na unyago wa wasichana. Huko ndiko wanawake waliwafundisha binti zao nyimbo, heshima, mambo ya nyumba na mapigo ya ngoma. Na huko huko, katika mila ya kale, ndiko binti alikokeketwa.

Kuhusu kisu hicho sina mjadala, wala taifa halina mjadala. Ukeketaji humtoa msichana damu, humwachia kovu la maisha, na humrudia siku ya kujifungua. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ambayo iliufanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Tafiti za kitaifa za afya zinaonyesha safari tuliyotoka. Mwaka 1996, kati ya kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, waliokeketwa walikuwa 18. Utafiti wa 2015-16 ulikuta 10, na ule wa 2022 ulikuta 8. Lakini wastani wa taifa huficha mikoa. Katika utafiti wa 2015-16, Mkoa wa Dodoma peke yake ulikuwa na 47 kati ya 100, wa pili baada ya Manyara. Yaani tunapozungumza habari za Dodoma tunazungumza juu ya nyumba nyingi, wala si za pembezoni.

Sasa hapa pana mtego. Sherehe inapokatazwa, au inapofanywa kwa kificho, au inapoachwa tu kwa sababu watoto wako shuleni, shule ya muheme nayo hufungwa. Kisu kinaondoka, jambo ambalo ni jema. Na mlango huo huo unapofungwa, ngoma inabaki nje.

Nimewasikia watu wa pande mbili katika jambo hili. Upande mmoja husema: afadhali ngoma nayo ife, maana ikilia itawakumbusha watu kisu. Kuna waliofikiri hivyo tangu zama za wamisionari wa kwanza, na wapo wanaofikiri hivyo leo. Upande wa pili husema: ukitaka ngoma, chukua mila nzima, usichague chague kama mtu anayechambua mchele. Pande hizi hazipendani, lakini zimekubaliana jambo moja bila kujua: wote wawili wanaamini kwamba ngoma na kisu ni kitu kimoja.

Mimi sikubali. Mathias Mnyampala, Mgogo ambaye jina lake liko katika vitabu vya ushairi kwa ngonjera zake, aliandika pia kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, nacho kilitoka katika miaka ya 1950. Mtu wa namna ile anatufundisha kwamba mila ni mali ambayo mwenyewe anaweza kuikalia, kuipanga na kuisimulia upya. Yule bibi wa Mvumi amekwisha fanya hivyo bila kuandika kitabu. Amemkatalia mjukuu wake kisu, na amemwekea ndoo katikati ya mapaja. Amevitenganisha vitu viwili ambavyo wasomi tumeshindwa kuvitenganisha. Anachokikosa ni mahali pa kufanyia kazi hiyo.

Na hapo ndipo ninapoona umuhimu wa tamasha. Binti hawezi kujifunza muheme peke yake chumbani, kama kijana anavyoweza kujifunza gitaa. Mkeka wa mapigo unahitaji watu kumi na zaidi, unahitaji siku iliyowekwa, unahitaji sababu ya kuziwashia ngoma moto, na unahitaji hadhira. Zamani vyote hivyo vilitolewa na makumbi. Leo, kama havitolewi na tamasha, havitolewi na kitu chochote.

Je, inawezekana? Ushahidi upo karibu. Tangu mwaka 2009 pale Chamwino limekuwa likifanyika tamasha la muziki wa Wagogo, lililoasisiwa na Kedmon Mapana, mzaliwa wa Nzali katika wilaya hiyo hiyo, ambaye baadaye alipata kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa. Nzali yenyewe ni kijiji ambacho mtafiti wa Kihispania, Polo Vallejo, amekisikiliza kwa miaka mingi, na filamu juu ya muziki wake, Africa: The Beat, ilitoka mwaka 2011. Hayo yalifanyika bila mtu kuhitaji kisu.

Ushahidi mwingine ni wa ukoo wa Zawose. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, alikuwa miongoni mwa waalimu wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981. Zeze lake na marimba yake vilimfikisha kwa Peter Gabriel, mwimbaji wa roki wa Uingereza, na albamu yake Chibite ilitolewa na studio za Gabriel mwaka 1996. Mwaka 2002 alipanda majukwaa ya Gabriel huko Marekani. Ile sauti ya pembeni ya uwanja, sauti ya duara, ilisikika katika kumbi kubwa kuliko mji wa Dodoma wa zamani, kwa sababu alipata mafundi mitambo walioisikiliza kwanza kabla ya kugusa vitufe. Zawose alifariki dunia Desemba 2003. Na mwaka 2024 wanawake wawili wa ukoo huo, Pendo na Leah, kwa jina la Zawose Queens, walitoa albamu yao, Maisha, kupitia studio hizo hizo. Wakati wa Hukwe majina yaliyoandikwa juu ya jalada yalikuwa ya wanaume. Sasa ni ya wanawake. Ngoma haikufa kwa kubadilishiwa mahali.

Lakini nisiwadanganye kwamba tamasha ni dawa ya bure. Muziki wa uwanjani hula fedha. Huyo huyo Peter Gabriel na wenzake walipofanya tamasha lao la kwanza la WOMAD, Shepton Mallet, Uingereza, Julai 1982, wapiga ngoma wa Burundi walipanda jukwaa pamoja na bendi ya roki ya Echo & the Bunnymen. Watu waliohudhuria hawajasahau. Waandaaji nao hawakusahau, maana walibaki na madeni makubwa, na Oktoba mwaka huo bendi ya zamani ya Gabriel, Genesis, ililazimika kukusanyika tena kwa onyesho moja la kulipia madeni hayo. Hapa kwetu, Sauti za Busara ya Zanzibar, ambayo tangu 2004 imesisitiza kwamba kila anayepanda jukwaani apige muziki wa hai, ilishindwa kufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Ikiwa waliokaa Ngome Kongwe, na watalii mlangoni, waliweza kukwama, je, uwanja wa mpira wa Mvumi?

Kwa hiyo kabla hatujasema tunaupenda utamaduni wetu, tuulize nani analipa. Siku ile bendi ya mjini ililipwa. Hilo ni haki yao, maana ni kazi. Akina mama wa muheme walipata usafiri wa lori, wali na soda. Nilipouliza, niliambiwa kwamba wao ni wa hapa hapa, na wanacheza kwa furaha. Naam, wanacheza kwa furaha. Hata daktari hutibu kwa furaha, lakini mwisho wa mwezi hapewi soda.

Nina mambo manne ya kupendekeza, na sioni hata moja lililo gumu.

La kwanza ni muda. Kikundi cha muheme kipewe dakika 40, hata kama vikundi vitapungua. Dakika 10 zinatosha kuonyesha nguo, hazitoshi kufuma mkeka. Na hotuba ya mgeni rasmi isikatwe kutoka katika muda wa ngoma.

La pili ni mahali. Jukwaa na spika vibaki kwa magitaa, ambayo hayawezi kuishi bila hivyo. Zeze na muheme vipewe ardhi, kivuli na duara.

La tatu ni malipo, pamoja na haki ya wanaorekodiwa. Siku ile simu kama hamsini zilinyooshwa juu ya vichwa vya wale akina mama. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayozungumzia sanaa za jadi. Kwa hiyo haifai kudhani kwamba pigo la bibi wa Mvumi ni mali ya kuokota kwa yeyote mwenye simu na studio.

La nne, na kwangu ndilo kubwa, ni watoto. Kila kikundi kinachoalikwa kije na mabinti wake, nao wapewe ngoma za kweli na nafasi ya kukosea mbele ya bibi zao. Shule za wilaya zinaweza kulisaidia jambo hili kwa saa moja tu kwa wiki, mwalimu akiwa bibi wa kijiji, naye alipwe kama mwalimu.

Nanyi wa mijini mnaonunua gazeti hili mna sehemu yenu. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakutoa Dar es Salaam na kukufikisha Dodoma kwa saa chache. Kutoka hapo Mvumi na Chamwino si mbali. Mnapokwenda, msiende kama watalii wa kupiga picha. Lipeni kiingilio, kaeni mpaka wimbo uishe, na mkiombwa kusogea kukaza duara, sogeeni. Katika muziki ule msikilizaji anayesimama mbali ni tofali lililokosekana ukutani.

Tumechukua karibu miaka 30 tangu sheria ile ya 1998 tukiwaambia bibi zetu: wekeni kisu chini. Wengi wamekiweka. Mikono yao sasa imebaki na ngoma, na wanatuuliza wampe nani. Tukinyamaza, mila itakuwa imeondolewa kisu, na binti ataachiwa ndoo ya plastiki.